Sukari Mwilini, Ziwa Mlangoni

 Wasikilizaji wangu ni ninyi wa Minago, wa Kizuka, wa Rumonge mjini mpaka Nyanza-Lac, na wenzetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ambao mawimbi yetu huwafikia hali ya hewa ikikubali.

Leo nina mazungumzo na mtu mmoja. Jina lake silijui, lakini yupo. Ni yule aliyetoka kituo cha afya wiki hii ameshika karatasi, ameambiwa ana sukari. Ninyi wengine msizime redio, maana mgonjwa huyu hali peke yake wala halali peke yake, na huko mbele nitawahitaji.

Pengine, ndugu yangu, ulikwenda kwa jambo jingine. Ulidhani ni malaria imekukalia. Kiu haikatiki, usiku hukai bila kutoka kwenda haja ndogo, nguo zinakupwaya ingawa sahani unaimaliza, au kidonda ulichojikata shambani kwenye michikichi kimegoma kupona. Muganga akakutoboa kidole, akagusisha damu kwenye kijiti, mashine ikaandika namba. Mtu ambaye hajala tangu jana usiku akikutwa na 126 au zaidi, au mwenye dalili kama hizo akikutwa na 200 au zaidi saa yoyote, huyo ana sukari. Asiye na dalili hupimwa tena siku nyingine ili kuhakikisha. Ukaandikiwa vidonge, au sindano, ukaambiwa usile hiki wala kile, ukapanda pikipiki ukarudi Kizuka.

Kabla hujajihurumia sana, sikia hili. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba mwaka 2024 watu wazima milioni 589 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na kwamba hapa Afrika karibu 3 katika kila 4 wenye nao hawajui kama wanao. Wewe umeshajua. Jirani yako anayekuonea huruma huenda naye anao, ila hajapima.

Juu ya chakula sitakaa sana, kwa kuwa mtaa mzima utakufundisha hata bila kuombwa. Mikeke na ndagala havina shida, lengalenga na maharage ni vyako. Ugali wa muhogo haukukatazwa, ila ule mlima wa zamani upungue ubaki kilima. Fanta na urwarwa uviache. Mawese si sukari, lakini kikombe kizima kwenye sombe ya watu wawili ni mafuta mengi kwa moyo wowote. Na atakapokuja mtu na chupa ya majani yaliyochemshwa, akuambie utupe dawa za hospitali maana yake inamaliza kabisa, mpe kiti, mpe maji, umsindikize. Dawa zako usitupe.

Nililokuja nalo leo ni jingine, na sijalisikia likisemwa vya kutosha. Ukishaandikiwa dawa ya kila siku, maisha yako yamefungwa kwenye njia: njia ya gari na njia ya ziwa. Na njia zetu tunazijua.

Dawa nyingi hutoka Bujumbura, na kutoka Bujumbura mpaka kwetu ni barabara ya RN3, mlima upande mmoja, ziwa upande wa pili. Mwaka 2015 mlima uliporomoka pale Gitaza, matope na mawe yakaifunga barabara, watu wakalala nje. Kuanzia mwaka 2020 ziwa nalo likapanda, likazamisha Gatumba, likala nyumba za ufukweni huku kwetu. Mvua za El Niño zilizoanza Septemba 2023 zilikuwa zimewaathiri watu zaidi ya 200,000 nchini ilipofika Aprili 2024. Na hata anga likiwa safi kuna shida ya esansi. Wote tumeona magari yamepanga foleni kituoni, dereva amelala kwenye kiti akingoja lori ambalo hajui litakuja leo au kesho kutwa. Nauli siku hizo huwa juu, na anayekwenda kwa matibabu hulipa sawa na anayekwenda kwa biashara.

Halafu kuna machafuko, yale tusiyopenda kuyataja. Wazee wa hapa wanaikumbuka 1972, maana moto wa mwaka ule uliwaka Rumonge kabla ya kwingine. Waliofuata wanaikumbuka 1993. Vijana wana 2015 yao. Ndugu zetu wa Fizi kule Kongo nao, mwishoni mwa Januari 2018, walivuka ziwa kwa maelfu ndani ya siku chache, wamejazana kwenye mitumbwi ya uvuvi, wakashukia Rumonge na Nyanza-Lac. Katika nyakati hizo zote mtu alitoka na alichokuwa nacho mkononi.

Chukueni Kagunga. Ni kijiji cha wavuvi upande wa Tanzania, jirani kabisa na mpaka wetu. Mbele ziwa, nyuma mlima, na mwaka 2015 gari lilikuwa halifiki. Mei 2015 Warundi makumi ya maelfu walikusanyika kwenye ufukwe ule. Meli ya Liemba, ile ya Wajerumani iliyojengwa 1913, ikawa inawabeba kwenda Kigoma, kama watu 600 kila safari, nayo bandari haikuwepo, mitumbwi ikiwapeleka watu mpaka melini. Wakati wakingoja zamu, kipindupindu kikaingia. Kikaua watu.

Sasa jiulize, katika umati kama ule wenye sukari hawakuwemo? Walikuwemo, na wengi wao hata hawakujua. Mwenye sukari akipatwa na kuhara na kutapika, mwili unakauka, na unapokauka sukari kwenye damu inazidi kupanda. Inapopanda, mkojo unazidi, na mwili unazidi kukauka. Mtu mzima wa afya anaweza kuhimili siku ya namna hiyo, lakini wewe zitakushinda saa chache. Wala usifikiri haya ni ya ukimbizini pekee. Kipindupindu kinaufahamu ufukwe wetu, na maji ya ziwa bado yananywewa bila kuchemshwa na watu wenye akili zao timamu.

Kwa hiyo mfuko wako uanze kuufunga wiki hii hii, wakati bado unajifunza jina la dawa yako. Usingoje siku ya tatizo.

Mtu akisikia hivi anaona maboksi ya msaada na mahema. Mimi nasema mfuko wa kuning'inia begani, ule wa plastiki wenye zipu unaouzwa sokoni Rumonge, ukae mahali pamoja ambapo hata mtoto akitumwa gizani anaupata. Ndani weka dawa za angalau wiki mbili, ukiweza mwezi. Najua mtaniambia: dawa za wiki hii zenyewe tumekopa. Nawaelewa. Basi fanya kama wanawake wetu wanavyoweka akiba kwenye chama: kila unaponunua vidonge vya mwezi, ongeza vya siku tatu. Vya zamani unavila kwanza, vipya vinaingia mfukoni, ili hakuna kinachochacha humo. Kufika miezi mitano una wiki mbili zako na hukuuza mbuzi. Pia muulize muganga kama anaweza kukuandikia ya muda mrefu kidogo mvua zikikaribia, na vilevile kabla ziwa halijafungwa kwa uvuvi. Hili la uvuvi wengi hawaliwazi. Ziwa likifungwa miezi ile ya Mei hadi Agosti, kwa mvuvi na kwa mama anayeanika ndagala hela hukauka, na dawa ndiyo huwa ya kwanza kusubirishwa.

Kwa wenye vidonge tumemaliza nusu ya kazi. Wenye insulini kazi yao ni nzito zaidi, na wapo watoto wadogo katika hao. Mtoto mwenye aina ya kwanza ya sukari mwili wake hautengenezi insulini hata kidogo. Kabla ya Januari 1922, alipochomwa insulini kijana wa Kanada wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, ugonjwa huu kwa mtoto ulikuwa hukumu ya kifo. Akikosa sindano siku chache tu anaanza kutapika, tumbo linamuuma, anapumua kwa nguvu na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hapo hakuna dawa ya nyumbani. Ni hospitali, hata kwa machela.

Insulini inataka ubaridi, nyuzi 2 hadi 8 kwa chupa ambayo haijafunguliwa, na Kizuka wenye frigo ni wa kuhesabu, tena umeme wenyewe una siku zake. Hapa ndipo watu wengi walikata tamaa, wengine wakaambiwa kabisa: kama huna frigo, mtoto akae karibu na hospitali. Sikilizeni basi habari kutoka kwa majirani zetu. Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto ndani ya nyumba kwenye kambi ya Dagahaley, kule Dadaab nchini Kenya, wakakuta linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakashirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva kuiweka insulini kwenye joto hilohilo kwa wiki nne, kisha wakaipima. Nguvu yake ilikuwa karibu sawa na ile iliyokaa kwenye frigo. Matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Kwa chupa uliyoifungua unayoitumia, mwezi mmoja nyumbani bila frigo unawezekana, mradi joto lisipite hapo. Kufungua chupa au kuitoa kwenye frigo ndiko kunakoanzisha hesabu, kwa hiyo andika tarehe juu yake kwa kalamu.

Na Dadaab kuna joto kuliko huku.

Joto lenyewe tunaweza kulipunguza. Nenda sokoni kwa mafundi wa vyungu, hawa Batwa wetu ambao udongo umo mikononi mwao, nunua viwili, kimoja kiingie ndani ya kingine na pabaki nafasi ya vidole viwili. Nafasi hiyo ijaze mchanga wa ziwani, mchanga uumwagie maji asubuhi na jioni. Chupa ya insulini uifunge kwenye plastiki isilowe, uiweke ndani ya chungu cha katikati, ufunike kwa kitambaa kibichi, na vyungu vikae kivulini panapopita upepo. Maji yanapokauka yanaondoka na joto. Chungu hicho hakitakupa nyuzi 8, lakini kitakupa ubaridi unaotosha kwa chupa unayoitumia. Usiiweke insulini juu ya bati, wala kwenye dirisha la gari, wala usiizike kwenye barafu ya wauza samaki. Ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Ile inayotakiwa kuwa angavu ukiiona ina ukungu, au ile ya maziwa ukiizungusha ikabaki na mabonge, usiichome.

Sasa karatasi. Wewe unaona ni jambo dogo, mimi naona ndiyo roho ya mfuko. Andika jina lako, aina ya sukari yako, jina la dawa, kipimo chake, saa za kuitumia, na namba ya simu ya mtu wako. Kadi ya CAM au ya bima ukiwa nayo iambatane. Jina la dawa liandike lile la kitaalamu, usiandike la kwenye boksi tu, kwa sababu boksi la Kigoma si boksi la Bujumbura.

Na ukivuka, jihadhari na namba. Huku kwetu mashine zinasoma kwa miligramu, na muganga wetu akisema 180 anakwambia umepanda kidogo. Tanzania mashine zao husoma kwa kipimo kingine, na 180 hiyohiyo pale inaandikwa 10. Mtu wa Kizuka akiona 10 anaweza kudhani anakufa kwa kukosa sukari, akabugia soda, kumbe imepanda. Hesabu yake ni rahisi: namba ya Kigoma izidishe kwa 18 upate ya Rumonge. Iandike hiyo kwenye karatasi yako. Vilevile bomba la sindano na chupa vilingane: chupa nyingi za insulini zimeandikwa U-100, na bomba nalo liandikwe U-100. Lipo lingine la U-40. Ukichanganya, kipimo kinakwenda mrama bila wewe kujua.

Nimesema soda, na hapo nirudi kwa wanaokaa na mgonjwa. Mwenye kutumia insulini, au vidonge vya gilibenklamidi, sukari yake inaweza kuporomoka, hasa siku ya kukimbia, siku ya kubeba mizigo, siku ya kukosa chakula. Anatetemeka, jasho linamtoka, anakuwa mkali bila sababu au anaongea kama mlevi. Mashine itaonyesha chini ya 70. Kama mashine haipo, msiingoje. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji kidogo, anywe, mngoje dakika 15, asiporudi mrudie, kisha ale chakula. Akiwa amezimia msimtilie kitu mdomoni, mpelekeni. Kwa ajili hiyo mfuko wa mwenye sukari sharti uwe na sukari ndani yake. Najua mnacheka. Wala si jambo rahisi, maana tumeona miezi ambayo sukari ya SOSUMO inatafutwa kama dhahabu, na Fanta nayo haionekani dukani. Ndiyo maana nasema ile robo kilo iwekwe kando siku inapopatikana, ifungwe, na watoto wajue kwamba ile ni dawa.

Waislamu wenzangu wa Rumonge mtaniuliza habari ya Ramadhani. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, na wengi mnaijua ila mnaona haya kuitumia. Muoneni muganga mwezi mmoja kabla, si usiku wa kuamkia mfungo. Mwenye insulini asijiamulie peke yake, na sukari ikishuka saa tisa alasiri, afungue. Zaidi ya hapo nawaachia mashehe.

Bado miguu. Maji yakiingia nyumbani, kila mtu anavua viatu anatembea. Wewe usivue. Miguu ya mwenye sukari hupoteza hisia polepole, na msumari au kipande cha kioo chini ya matope kitaingia bila wewe kusikia maumivu. Viatu vya plastiki vyenye kufunika vidole viwekwe juu ya mfuko, na jioni utazame nyayo zako, ukishindwa mjukuu akutazamie. Watu wa hapa waliokatwa mguu, mwanzo wa habari yao mara nyingi ulikuwa kijidonda ambacho hakikuwashughulisha.

Nao wakubwa wanisikie. Kumwambia mkulima wa michikichi ajiwekee dawa za mwezi ni haki, lakini ni nusu ya haki. Vituo vyetu vya afya vinakuwa tayari kwa malaria, kwa uzazi na kwa chanjo, na tangu 2006 mtoto chini ya miaka mitano hutibiwa bure. Mwenye sukari wa miaka 50 hana nafuu kama hiyo. Frigo za chanjo zipo vituoni. Kuweka humo chupa kadhaa za insulini za akiba, kwa taratibu zitakazolinda chanjo, ni jambo la kupangwa na watu wazima waliokaa mezani, halihitaji mkutano wa kimataifa. Na Msalaba Mwekundu wetu wa Burundi, ambao wana watu wa kujitolea kila mtaa, wanapoandikisha kaya kabla ya mvua waongeze swali moja: humu ndani nani ana dawa ya kila siku? Mkuu wa mtaa akiwa na orodha hiyo mfukoni, siku barabara itakapofungwa pale Gitaza au kwingine, atajua mtumbwi wa kwanza umbebe nani na ulete nini.

Nimalizie kwako wewe wa wiki hii. Usiku huu hutaweza kununua mashine ya kupimia, wala vyungu, wala dawa za mwezi. Lakini karatasi unaweza kuiandika, au mtoto wa shule akakuandikia. Fanya hivyo kabla hamjalala, kisha mwonyeshe mtu mmoja hapo nyumbani mahali ulipoiweka, pamoja na dawa na ile sukari.